Protini ya RPE65 na Deni Letu kwa Watoto Wasioona



Mada ya leo ni protini moja. Inaitwa RPE65. Imeundwa kwa amino asidi 533, uzito wake ni kama kilodaltoni 65, na hufanya kazi katika tabaka la seli lililo nyuma ya retina, tabaka lenye unene wa seli moja tu. Mtoto ambaye protini hii imeharibika kabisa mwilini mwake huanza maisha akiwa na uoni hafifu, na kadiri anavyokua hata hicho kidogo humtoka. Tarehe 19 Desemba 2017, ugonjwa huo ukawa wa kwanza miongoni mwa magonjwa ya kurithi ya retina kupata tiba ya jeni iliyoidhinishwa nchini Marekani.

Nitaeleza kazi ya protini hii, na jinsi wanasayansi walivyoielewa kwa kuitengeneza nje ya jicho. Kisha nitafika kwenye hoja iliyonileta hapa: Afrika Mashariki isisubiri tiba ishuke bei ndipo ianze kuwapima watoto wake. Kupima kunawezekana leo, na kuna faida hata mahali ambapo tiba haijafika.

Safari ya vitamini A ndani ya jicho

Retina ni utando mwembamba usiofika nusu milimita, uliotandazwa ndani ya jicho upande wa nyuma. Una seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Fimbo, zipatazo milioni 120 katika kila jicho, hutuwezesha kuona wakati wa magharibi jua likizama na usiku penye mwanga hafifu. Koni, kama milioni 6, hutupa rangi na uwezo wa kusoma maandishi madogo.

Fimbo zimejaa protini iitwayo rodopsini. Ndani ya kila rodopsini imo molekuli ndogo inayotokana na vitamini A, nayo ni retinali, ikiwa katika umbo lililopinda. Mwanga ukiipiga, retinali hunyooka kwa muda usiofika sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kunyooka huko huigeuza rodopsini, rodopsini huamsha protini nyingine, na mwishowe ishara hufika kwenye ubongo. Kila tunachokiona huanzia hapo.

Retinali ikishanyooka haifai tena kupokea mwanga. Lazima itoke, ipindwe upya na kurudishwa. Seli ya fimbo haina uwezo wa kuipinda. Kwa hiyo huigeuza kuwa vitamini A na kuivusha hadi kwenye tabaka la nyuma, ambako vimeng'enya huishughulikia na kuirejesha ikiwa imepinda. Mzunguko huu huendelea mchana na usiku kwa muda wote wa uhai wetu.

Wazo kwamba tabaka la nyuma lina kazi kubwa si jipya. Mwaka 1876 Franz Boll, akifanya utafiti Roma, aligundua kwamba retina ya chura aliyewekwa gizani ina rangi nyekundu ya zambarau, na kwamba rangi hiyo hufifia ikipata mwanga. Muda mfupi baadaye Wilhelm Kühne wa Heidelberg alionyesha kwamba rangi hiyo hurudi retina ikiwa imegusana na tabaka lake la nyuma, lakini hairudi ikibanduliwa. Katika miaka ya 1930 George Wald akakuta vitamini A ndani ya retina, na kazi yake ikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Ruth Hubbard alifanya naye kazi kubwa ya kuonyesha kwamba umbo lililopinda ndilo linalohitajika. Swali lililobaki lilikuwa hili: ni nani anayepinda?

Kuitengeneza protini ili kuielewa

Mwaka 1993 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, miongoni mwao Christian Hamel na Michael Redmond, walichapisha maelezo ya protini iliyojaa tele katika tabaka hilo. Mwaka 1997 hitilafu za jeni yake ziligunduliwa kwa watoto wenye upofu wa tangu utotoni. Mwaka 1998 panya waliozalishwa bila jeni hiyo walichunguzwa, na tabaka lao la nyuma likakutwa limerundika vitamini A ambayo haijapindwa, huku fimbo zao zikikosa rodopsini. Dalili zote zilielekea kwa RPE65. Hata hivyo dalili si ushahidi. Protini hii hung'ang'ania utando wa seli, na ukiitoa kwa kemikali kali hupoteza uwezo wake. Kila aliyejaribu kuitenga na kuipima aliishia kuwa na protini isiyofanya kazi.

Njia iliyotoa jibu ni ile ya protini rekombinanti. Mtafiti huchukua maagizo ya jeni ya binadamu, huyaunganisha na kipande cha DNA kinachoweza kubebwa, kisha huyaingiza katika seli nyingine: bakteria, hamira, seli za wadudu, au seli za figo za binadamu zinazokuzwa kwenye vyombo vya maabara. Seli hiyo husoma maagizo na kuitengeneza protini kana kwamba ni yake.

Ndugu zangu, teknolojia hii si ngeni kwenu. Wagonjwa wengi wa kisukari hapa kwetu hudungwa insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria au hamira, na insulini ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Mtoto anayepelekwa kliniki kuchanjwa chanjo ya pamoja ya magonjwa matano hupewa humo kinga ya homa ya ini aina ya B, nayo ni protini rekombinanti. Tumekuwa tukiitumia sayansi hii kwa miaka mingi bila kuitaja.

Mwaka 2005 makundi matatu ya watafiti wa Marekani, yaliyoongozwa na Gabriel Travis wa Los Angeles, Jian-xing Ma wa Oklahoma na Michael Redmond niliyemtaja, yalitoa jibu karibu kwa wakati mmoja. Seli za maabara zisizohusika kabisa na kuona zilipewa jeni ya RPE65 pamoja na jeni ya kimeng'enya kinachoitangulia katika mzunguko, kiitwacho LRAT. Zilipolishwa vitamini A, seli hizo zikatoa umbo lililopinda. Bila RPE65 hazikulitoa. Kundi la Redmond lilibadilisha amino asidi chache zilizo katika kiini cha protini, na uwezo wake ukatoweka. Zaidi ya miaka 120 baada ya Kühne, mpindaji akajulikana, na baadaye ikathibitika kwamba anahitaji chembe ya chuma katikati yake ili afanye kazi. Mwaka 2009 kundi la Krzysztof Palczewski likachapisha umbo lake kamili, kwa kutumia protini iliyotolewa katika macho ya ng'ombe.

Kuna faida nyingine ya protini rekombinanti ambayo nataka muishike, kwa sababu nitairudia. Hitilafu zaidi ya 100 za jeni ya RPE65 zimeandikwa, na ukali wake hutofautiana sana. Hitilafu iitwayo R91W, ambayo hubadilisha amino asidi ya 91, huiacha protini karibu bila uwezo wowote. Nyingine iitwayo P25L hubakiza asilimia chache tu za uwezo, na asilimia hizo chache zimetosha kumpa mtu ugonjwa mwepesi zaidi. Ipo pia D477G, iliyopatikana katika familia za Ireland, ambayo huleta ugonjwa hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu. Njia mojawapo ya kuzipambanua ni kuitengeneza protini yenye hitilafu ndani ya seli za maabara, kuipa vitamini A, na kupima kiasi inachopinda.

Mtoto mwenyewe

Ugonjwa unaotokana na RPE65 huingia katika kundi lililoelezwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Theodor Leber, mwaka 1869. Leo tunajua kwamba jeni zaidi ya 20 zinaweza kuuleta upofu wa Leber, na RPE65 ni moja tu kati ya hizo. Dalili zake ni hizi. Macho ya mtoto huchezacheza bila kutulia. Hufikicha au hubonyeza macho kwa vidole. Hukodolea taa au dirisha lenye mwanga mkali kwa muda mrefu. Mchana hujitahidi kidogo, lakini jua likizama hushikilia nguo ya mama yake. Mwanzoni daktari akichungulia ndani ya jicho anaweza kukuta retina inayoonekana karibu ya kawaida, na mzazi akaambiwa kwamba mtoto hana tatizo.

Hapa naomba wauguzi wa kliniki za watoto wanisikilize kwa makini. Kutoona usiku ni dalili ya kwanza pia ya upungufu wa vitamini A, ambao tumepambana nao kwa miongo mingi. Matone ya vitamini A tunayowapa watoto wa miezi 6 hadi 59, uniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka mmoja na 200,000 kwa waliozidi hapo, yameokoa macho na maisha. Papai, mchicha, maini, mawese na viazi lishe vya rangi ya chungwa hufanya kazi hiyohiyo. Lakini magonjwa haya mawili ni tofauti. Mtoto mwenye upungufu ni kama jiko lisilo na kuni. Mtoto wa RPE65 kuni zake zimejaa hadi dari, asiyekuwapo ni wa kuwasha. Kumrundikia vitamini A zaidi hakumsaidii, na vitamini A ikizidi huumiza ini. Mtoto aliyepata matone yake yote, anayekula vizuri, na bado haoni gizani, apelekwe kwa daktari bingwa wa macho.

Mara nyingi ugonjwa huu hutokea pale mtoto anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wanaona vizuri, na pengine hakuna kipofu anayekumbukwa katika ukoo. Kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Huko pwani, na kwa jamaa zetu wa Oman, ndoa za mabinamu ni za kawaida. Ndoa hizo haziumbi hitilafu. Huongeza tu uwezekano wa watu wawili wenye hitilafu ileile kuoana. Nasema haya kwa heshima, na ili lawama ziondoke kwa mama. Hakuna mama aliyempofua mwanawe kwa alichokula, kwa alikopita au kwa aliyemkosea. Hakuna laana hapa. Kuna herufi chache zilizokosewa katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 1, na nusu ya makosa hayo imetoka kwa baba.

Kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu

Ugonjwa huu ulipatikana pia kwa mbwa wa uzao wa Briard huko Sweden. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwatia mbwa wenye ugonjwa huo jeni nzima ya RPE65, na mbwa hao wakaanza kuona. Mmoja wao, aliyeitwa Lancelot, alipelekwa hadi Washington kuwaonyesha wabunge wa nchi yake kilichowezekana.

Mwaka 2008 makundi ya London, Philadelphia na Florida yalitangaza majaribio ya kwanza kwa binadamu. Wanaotajwa sana ni Robin Ali na James Bainbridge wa London, Jean Bennett na Albert Maguire wa Philadelphia, na Samuel Jacobson, Artur Cideciyan na William Hauswirth. Jeni ya binadamu hubebwa na kirusi kidogo kiitwacho AAV, kilichoondolewa jeni zake chenyewe. Maagizo ya RPE65 yana herufi kama 1,600, na AAV inaweza kubeba karibu 4,700, kwa hiyo mzigo huu unaenea. Jeni ya ABCA4, inayoleta ugonjwa wa Stargardt, ina herufi zipatazo 6,800 na haienei. Hii ni sababu mojawapo ya RPE65 kutangulia.

Daktari mpasuaji hudunga mililita 0.3 za dawa chini ya retina, zikiwa na nakala bilioni 150 za jeni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, washiriki walitakiwa kupita njia yenye kona na vikwazo katika viwango mbalimbali vya mwanga. Baada ya mwaka mmoja, 13 kati ya 20 waliotibiwa waliweza kuipita katika mwanga hafifu kuliko wote, wa luksi 1. Katika kundi la wasiotibiwa hakuna hata mmoja aliyeweza. Dawa hiyo inaitwa voretigene neparvovec, na jina lake la biashara ni Luxturna. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2018.

Kuna wanaouliza kwa nini protini yenyewe isidungwe, maadamu inaweza kutengenezwa. Sababu ni kwamba RPE65 hufanya kazi ndani ya seli, ikiwa imeshikamana na utando wa humo. Ukiidunga nje ya seli haitaingia. Protini ya RPE65 inayouzwa katika vichupa ni ya utafiti wa maabara, na haikutengenezwa kwa mgonjwa. Mtu yeyote akikuuzia matone au vidonge vya protini ya retina, akiahidi kumponya mtoto aliyezaliwa haoni, usimpe hata senti moja.

Tusiitie tiba hii chumvi. Mwaka 2013 kundi la Cideciyan lilionyesha kwamba seli za wagonjwa waliotibiwa ziliendelea kufa ijapokuwa uoni wao uliongezeka. Mwaka 2015 makundi mawili yakaripoti kwamba baadhi ya wagonjwa katika majaribio ya mwanzo walipata nafuu iliyofika kilele kisha ikashuka. Seli iliyokufa haifufuliwi na jeni. Maana yake ni nyepesi kuelewa: anayepimwa mapema ana kitu cha kuokoa, na anayechelewa hana.

Sehemu yetu

Bei ya Luxturna ilipotangazwa mwaka 2018 ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Najua wengi mkisikia hivyo mnaona mjadala umeisha. Mimi naona ndiyo kwanza unaanza, na nina sababu tatu.

Kwanza, jibu la kipimo lina kazi yake lenyewe. Linamwambia mzazi kwamba mwanawe anaona vizuri zaidi penye mwanga mwingi, kwa hiyo shuleni aketi karibu na dirisha, na nyumbani awashiwe taa ya kutosha. Linawaambia walimu waanze kumfundisha Braille na kutembea kwa fimbo nyeupe kabla giza halijamfunika. Linawapa wazazi elimu kuhusu mimba zijazo, na linavunja tuhuma zinazobomoa ndoa.

Pili, vifaa vipo. Wakati wa janga la Uviko, maabara za Kilifi na Entebbe zilisoma jeni za kirusi cha ugonjwa huo na kutoa matokeo yaliyotumiwa na serikali zetu. Wataalamu wanaojua kusoma jeni za kirusi wanaweza kujifunza kusoma jeni za mtoto wa Tabora au wa Kisumu. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuipeleka sampuli ya damu kutoka kwa daktari wa macho hadi maabara, na kulirudisha jibu kwa mzazi pamoja na mtu wa kumfafanulia.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, hakuna atakayetufanyia kazi hii ikakamilika. Hazina za kumbukumbu za jeni duniani zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mtoto wetu akipimwa, inaweza kuonekana herufi iliyobadilika ambayo haijaandikwa popote. Je, hiyo ndiyo iliyomnyima uoni, au ni tofauti isiyo na madhara iliyozoeleka kwetu? Tiba hutolewa kwa mgonjwa ambaye nakala zake zote mbili za jeni zimethibitika kuwa na hitilafu, na ambaye retina yake bado ina seli hai. Bila jibu la swali hilo, mtoto huyo hafikiriwi hata kwa majaribio ya bure.

Hapa ndipo protini rekombinanti inapotuhusu. Maabara ya chuo kikuu yenye seli za kukuza, wataalamu wa biokemia na mashine ya kutenganisha molekuli inaweza kuitengeneza RPE65 yenye herufi ile ngeni, kuipa vitamini A, na kupima inapinda kiasi gani. Makundi ya 2005 yalifanya kazi yao kwa mbinu hizo. Ni kazi inayolingana na uwezo wa vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, vikiamua kushirikiana na kugawana gharama.

Kwa hiyo nina maombi manne. Wizara zetu za afya zianzishe daftari la pamoja la magonjwa ya kurithi ya retina, ili tujue watoto wetu ni wangapi na wako wapi. Vyuo vikuu vichague maabara moja katika kila nchi, iwe na jukumu la kusoma jeni na kupima protini za macho. Wanafunzi wa biokemia msiitupe nyuma retina. Haijapata watafiti wa kutosha katika lugha na ardhi yetu. Nanyi wazazi, mtoto anayechezesha macho na kukodolea taa mpelekeni kwa daktari bingwa wa macho mwezi huu, msimsubiri akue. Seli za retina yake zinakufa mwaka hadi mwaka, na tiba ya jeni itawafaa wale tu ambao bado wamebakiwa nazo.